Mirathi ya Baba na Hesabu za Kaka

Wahenga walisema ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Wakipatana, chukua kapu ukavune. Methali hiyo inawafaa majirani. Mtu aliyemo ndani ya ugomvi wenyewe haimsaidii kitu, maana hana pa kwenda kulima: shamba lenyewe ndilo linalogombaniwa. Mimi na kaka yangu, mtoto wa kwanza wa baba yetu, tuligombana juu ya mirathi tangu mwaka 1988 hadi 1991. Yeye alikuwa msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, nami nilikuwa mrithi niliyekaa mbali na nyumbani. Siku zile niliamini kwamba chanzo cha ugomvi wetu kilikuwa tabia ya kaka. Miaka ilivyopita, nilipoanza kusoma jinsi kazi hii ya usimamizi ilivyotufikia, nikaona kwamba kosa letu lilikuwa la zamani kuliko sisi, na kwamba sehemu yake kubwa ilikuwa yangu.

Lugha yetu yenyewe inaitunza historia hiyo. Maneno urithi, mirathi, mrithi, wosia na wasii yote yana asili ya Kiarabu, nayo yaliingia kwetu kwa njia ya pwani pamoja na sheria ya Kiislamu. Katika sheria hiyo mambo yana mpangilio. Mali ya marehemu kwanza hulipia mazishi, kisha madeni, kisha wosia usiozidi theluthi moja ya mali, ndipo warithi hugawana kilichobaki kwa mafungu yanayojulikana. Wasii, yaani yule aliyeachiwa kazi ya kutekeleza wosia, si mwenye mali hata kidogo. Amebeba amana. Anaweza kuwa mrithi pia, lakini kwa fungu lake tu. Kazi yake ya uwasii haimwongezei hata shilingi moja. Nalitaja jambo hili mwanzoni kwa sababu neno lilisafiri hadi bara, likafika hata kwetu tusiotumia sheria hiyo, ila nadhani maana ya amana ilidondoka njiani.

Kwetu ni Muleba, upande wa magharibi wa Ziwa Viktoria, nchi ya migomba na kahawa. Katika mila ya Wahaya mtoto wa kwanza wa kiume huitwa musika, naye ndiye mrithi mkuu. Wa katikati huitwa kyagati, na kitinda mimba wa kiume huitwa mainuka. Kila mmoja alikuwa na fungu lake katika kibanja cha baba. Mabinti walikula matunda ya shamba walipokuwa nyumbani, lakini ardhi ya ukoo haikuhesabiwa kuwa yao. Mila hii iliandikwa na Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyekuwa mtaalamu wa jamii katika serikali ya kikoloni, pamoja na M. M. Hartnoll, katika kitabu chao kuhusu sheria za kimila za Wahaya kilichotoka mwaka 1945.

Wazee walionielimisha walisisitiza jambo moja ambalo halionekani upesi katika vitabu. Musika wa zamani alipokea mali pamoja na mzigo. Madeni ya baba yalikuwa yake, wajane walikuwa wake kuwalisha, na mahari ya wadogo zake ilikuwa juu ya kichwa chake. Tena alifanya yote hayo hadharani. Migomba ilionekana, ng'ombe walihesabika malishoni, na ukoo mzima ulikuwa umekaa msibani ukijua marehemu ameacha nini. Hakuandika hesabu, lakini alikuwa akikaguliwa kila siku na macho ya watu.

Kahawa ilikuja kuyabadilisha hayo. Kilimo cha kahawa ya biashara kilipoenea Bukoba wakati wa utawala wa Waingereza, kibanja kikawa na uso wa pili. Ndizi huliwa pale pale zilipokatwa, na jirani akipita anajua nani ameshiba. Kahawa huvunwa, hupelekwa kuuzwa, na kinachorudi ni fedha ndani ya mfuko wa mtu mmoja. Macho ya ukoo hayaoni mfukoni. Tangu hapo yalihitajika macho mengine, nayo ni daftari.

Macho hayo serikali ilijaribu kuyaleta. Mwaka 1963 nilikuwa mvulana wa shule, wala sikujua kwamba mambo makubwa yalikuwa yakitendeka katika maisha yetu. Katika mwaka huo Bunge lilifuta sheria ya machifu, na likapitisha Sheria ya Mahakama za Mahakimu iliyozaa Mahakama za Mwanzo kama tunavyozijua. Mwaka huo huo, kwa Tangazo la Serikali namba 436, zilitangazwa kanuni za urithi za makabila yanayofuata ukoo wa baba, na kazi ya Cory ilikuwa katika msingi wake. Kanuni hizo ziliwapanga warithi katika madaraja matatu, na mabinti wakawekwa la tatu. Zilisema mwanamke anaweza kurithi, isipokuwa ardhi ya ukoo, ambayo anaweza kuitumia lakini hawezi kuiuza. Mjane naye hakupewa fungu mahali ambapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Fungu lake lilikuwa kutunzwa na watoto wake.

Kisha mwaka 1971 zikaja kanuni za usimamizi wa mirathi katika Mahakama za Mwanzo. Hizi ndizo zilizonihusu mimi, ingawa sikuzisoma hadi nilipokuwa nimekwisha kuumia. Chini ya kanuni hizo, msimamizi akishateuliwa hupewa barua ya usimamizi. Ndani ya miezi minne, au zaidi kama mahakama itamwongezea muda, anatakiwa kupeleka mahakamani orodha kamili ya mali na madeni ya marehemu, na baadaye hesabu za jinsi alivyokusanya, alivyolipa na alivyogawa. Karatasi ya kwanza humpa mamlaka. Hizi nyingine mbili humdai majibu. Katika vijiji vyetu karatasi ya kwanza ilipendwa sana, ikakunjwa vizuri na kuwekwa chini ya godoro. Zile mbili wengi hawakuzisikia. Kwa hiyo tukawa tumeyaacha macho ya ukoo bila kuyachukua macho ya mahakama.

Sasa niieleze habari yetu. Baba alifariki mwaka 1986 bila kuacha wosia. Aliacha kibanja chenye migomba na kahawa, nyumba ya bati, ng'ombe wanne, kiwanja kimoja kwenye senta ya biashara, na madeni ambayo hakuna aliyejua idadi yake. Sisi watoto tulikuwa wanne: kaka, dada, mimi, na mdogo wetu wa mwisho. Baada ya arobaini kikao cha ukoo kilimpendekeza kaka, naye akateuliwa na Mahakama ya Mwanzo. Mimi nilikuwa nafundisha chuo cha ualimu mkoa mwingine, likizo ya msiba ilikuwa inakwisha, na nilitaka kuiwahi meli ya usiku ya Mwanza. Niliwekewa karatasi mezani, nikatia sahihi nikiwa nimesimama. Mwanafunzi wangu angetia sahihi kitu bila kukisoma ningemsimamisha mbele ya darasa.

Mwaka 1988 dada aliniandikia. Ndoa yake ilikuwa imevunjika, amerudi nyumbani na watoto wawili, na kaka alikuwa amemwonyesha mistari michache ya migomba ya kula, si zaidi. Mwaka uliofuata mdogo wetu alifariki. Ilikuwa miaka ambayo mkoa wa Kagera, ulikogunduliwa wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini mwaka 1983, ulikuwa unazika vijana kila wiki. Makaburi yalikuwa mengi, na nyuma ya kila kaburi kulikuwa na shauri la kibanja: mjane afanyeje, watoto wakae na nani. Mjane wa mdogo wetu aliambiwa arudi kwao. Na hapo hapo nikapata habari kwamba kile kiwanja cha senta kimeuzwa.

Nilimwandikia kaka barua. Nilikuwa na kalamu nzuri na nilijivunia Kiswahili changu. Niliandika kurasa tatu kwa sauti ya mwalimu mkuu anayemwonya mtoro, na katika ukurasa wa pili nilimwita mwizi wa yatima. Hakujibu. Kwa mwaka mmoja na zaidi hatukusalimiana. Nilipokwenda nyumbani nililala kwa baba mdogo, umbali wa hatua mia mbili kutoka nyumba niliyozaliwa.

Mwaka 1990 ilienea Muleba nzima habari ya hukumu moja. Bibi mmoja wa wilaya yetu, aliyerithi shamba kwa wosia wa baba yake, aliliuza mwaka 1988 kwa shilingi 300,000 kwa mtu asiye wa ukoo. Mpwa wake akamshtaki, akidai mwanamke wa Kihaya hana uwezo wa kuuza ardhi ya ukoo. Mahakama ya Mwanzo ilimpa ushindi mpwa, Mahakama ya Wilaya ikampa bibi, na mwaka 1990 Mahakama Kuu mjini Mwanza, mbele ya Jaji Mwalusanya, ikathibitisha kwamba bibi ana haki. Jaji aliegemea Haki za Binadamu zilizoingizwa katika Katiba mwaka 1984, ambazo mahakama zilianza kuzitekeleza mwaka 1988, na pia mikataba ya kimataifa ambayo Tanzania imeiridhia. Kuanzia hapo, alisema, mwanamke awe na haki ileile aliyonayo mwanamume juu ya ardhi aliyoirithi.

Niliipokea hukumu hiyo kama silaha. Nilimwendea baba mdogo nikamwambia kwamba sasa nitamfikisha kaka mahakamani, na mara hii atashindwa. Mzee alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu," akasema, "wewe umemuuliza kaka yako fedha ziko wapi. Je, umewahi kumwomba hesabu?"

Nikamjibu kwamba hayo ni mamoja.

"Si mamoja. Ukimuuliza fedha ziko wapi, umekwisha kumwita mwizi. Ukimwomba hesabu, umemwita msimamizi. Tena kabla hujaenda huko mahakamani, kawaombe wakusomee jalada. Mimi nilikuwapo siku ile. Nakumbuka ulitia sahihi."

Nilikwenda. Karani alilitoa jalada la baba, jembamba kama daftari la mtoto wa darasa la kwanza. Ndani yake kulikuwa na muhtasari wa kikao cha ukoo, barua ya usimamizi, na dhamana ya msimamizi. Orodha ya mali haikuwamo. Hesabu hazikuwamo. Miaka minne ilikuwa imepita badala ya miezi minne, na hakuna aliyeuliza, si mahakama wala warithi. Na chini ya dhamana ile, kama mmoja wa wadhamini wawili walioahidi kwamba kaka atasimamia mirathi kwa uaminifu, palikuwa na sahihi yangu.

Nilikaa kwenye benchi nje ya mahakama kwa muda mrefu. Nilikuwa nimemtukana mtu ambaye mimi mwenyewe nilimdhamini, na kwa miaka yote minne sikumwandikia hata mstari mmoja kumwuliza kama amepeleka orodha. Sheria ilinipa kazi ya kufanya mapema na kwa amani. Mimi niliiacha, nikaja kuifanya kwa kuchelewa na kwa hasira.

Jioni ile nilikwenda kwa kaka. Nilimwamkia kama mdogo anavyopaswa kumwamkia mkubwa, nikamwambia kwamba mahakama inadai orodha na hesabu kwetu sote wawili, yeye kwa usimamizi na mimi kwa udhamini, na kwamba nimekuja tuziandike. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Hakuna aliyeniambia kwamba kuna hesabu."

Tuliandika kwa siku tatu katika nyumba ya baba. Mama alikuwapo, dada, mjane wa mdogo wetu, na baba mdogo akiwa shahidi. Nilipiga mistari katika daftari la shule: kushoto yaliyoingia, kulia yaliyotoka. Kwanza tuliorodhesha mali kama ilivyokuwa siku ya kifo, hata majembe na mtumbwi wa kukamulia ndizi. Kisha madeni ya baba. Kaka alikuwa ameyalipa matano ambayo sikuyajua. Kisha kahawa, msimu baada ya msimu. Risiti nyingine alikuwa nazo kwenye kopo la chai, nyingine hakuwa nazo, na penye upungufu Mama alikumbuka na baba mdogo alithibitisha au alikataa. Palipokuwa na ubishi tulipiga mstari, tukaendelea mbele, tukaurudia kesho yake.

Siku ya tatu tulifika kwenye kiwanja cha senta. Kiliuzwa kwa shilingi 180,000. Kaka alimtazama mjane, naye mjane akaitikia kwa kichwa. Shilingi 110,000 zilikuwa zimekwenda kwenye matibabu ya mdogo wetu, hospitali hii na ile, pamoja na nauli za kumbeba. Marehemu alikuwa amemwapisha kaka asimwambie mtu anaumwa nini, wala mimi. Siku zile aibu ya ugonjwa ule ilimwua mtu kabla ya ugonjwa wenyewe. Kwa hiyo kaka, alipopokea barua yangu ya kumwita mwizi wa yatima, alikuwa na jibu ambalo hakuweza kulitoa.

Lakini msomaji asifikiri kwamba daftari lilimtakasa kaka. Shilingi 45,000 zilikuwa zimeezeka nyumba yake mwenyewe, na shilingi 25,000 hazikuwa na maelezo hata alipopewa usiku mzima wa kufikiri. Naye alikuwa ameamini kabisa kwamba, akiwa musika mwenye barua ya mahakama, kumwondoa mjane ni haki yake. Ukweli haukuwa kama barua yangu, wala haukuwa kama alivyojiona yeye.

Baada ya hesabu kukubalika, kugawa hakukuwa kugumu kama nilivyoogopa. Shilingi 70,000 zilihesabiwa kuwa kaka amekwisha kuzipokea, fungu lake la kahawa likapunguzwa. Fungu la mdogo wetu likaandikwa kwa majina ya watoto wake, na mama yao akabaki katika nyumba yake akiwatunzia. Juu ya dada, kaka alibisha hadi mwisho. Hukumu ya Mwanza hakuitaka kuisikia, na nilipoanza kuisoma kwa sauti baba mdogo alininyamazisha. Mama ndiye aliyemwuliza kaka ni nani aliyemwogesha baba katika miezi yake ya mwisho. Kaka alikubali dada apate fungu lake, liwe lake, kwa sharti kwamba siku akitaka kuuza awaulize kwanza ndugu zake. Dada akaridhia. Tulipeleka orodha na hesabu mahakamani mwaka 1991, hakimu akauliza warithi wote mmoja mmoja kama wameridhika, na jalada likafungwa.

Sheria nazo zimeendelea kusogea, polepole. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 ilitamka kwamba kanuni ya kimila inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Hata hivyo zile kanuni za 1963 hazikufutwa papo hapo, na mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia ubaguzi dhidi ya wanawake, ikishughulikia malalamiko ya wajane wawili wa Kitanzania, iliitaka nchi yetu izirekebishe. Nayasoma haya kwa furaha. Lakini nimeona pia familia ambazo sheria iko upande wao na bado wameishia kwenye mapanga, kwa sababu hakuna aliyeandika hesabu.

Kwa hiyo nawaambia wenye shauri kama letu mambo machache. Barua ya usimamizi si hati ya kumiliki. Ni ruhusa ya kukusanya, kulipa na kugawa. Orodha idaiwe mwanzoni, wakati bado mnakula sahani moja, maana wakati huo kuidai si kutukana. Msimamizi akikataa kuitoa, mahakama iliyomteua ina uwezo wa kumwita na hata kumwondoa, na si ukosefu wa heshima kuiomba ifanye hivyo. Asimamiaye naye atunze kila karatasi, kwa usalama wake kuliko wetu. Mali bila daftari hupotea bila habari, na mara nyingine undugu hupotea pamoja nayo.

Kaka alifariki mwaka 2009. Watoto wake walimchagua binti yake mkubwa awe msimamizi, nami nilimsaidia kuandika orodha, miezi minne haijatimia. Katika sanduku la kaka tulikuta risiti zake zote tangu mwaka 1991, zimefungwa kwa kamba mwaka kwa mwaka. Chini kabisa ilikuwapo barua yangu ya kurasa tatu. Tuliishi vizuri miaka kumi na minane baada ya mapatano yale, tukatembeleana, tukazikiana, na hata siku moja sikumwomba radhi kwa neno lile, kwa kuwa nilidhani limekwisha kusahauliwa. Binti aliniuliza aiandike wapi. Nilimwambia aniachie mimi.